Mwongozo Kamili: Kuhamisha Kreni ya Makontena Kutoka Gati Moja Hadi Jingine Bila Kuifungua

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kuiondoa kreni ya makontena inayotembea juu ya reli, ikiwa nzima, kutoka mahali pake pa zamani na kuisimamisha juu ya reli nyingine ndani ya bandari ileile. Umeandikwa kwa ajili ya wahandisi, mafundi wakuu na wasimamizi wa Kigoma, lakini hesabu na tahadhari zake zinafaa katika bandari nyingine yoyote ya ziwa.

Nimeuandika kwa sababu kazi hii hukwama palepale kila mara. Kreni huinuliwa salama, magurudumu hugeuzwa, winchi huanza kuvuta, na baada ya mita chache kona moja huzama, gurudumu hupanda ukingo wa reli, na kazi husimama huku upepo wa alasiri ukianza kuvuma. Watazamaji husema jeki zilikuwa dhaifu au winchi ilikuwa ndogo. Kwa kawaida kasoro haipo kwenye jeki wala kwenye winchi. Ipo chini ya reli za muda, na katika mgawanyo wa uzito ambao hakuna aliyeupima.

Njia ninayoieleza ni ya kuinua kreni kwa jeki, kugeuza magurudumu yake nyuzi 90, na kuivuta kwa winchi juu ya reli za muda. Zipo trela maalumu za magurudumu mengi zinazobeba kreni nzima na kutembea nayo, nazo ni bora zikipatikana. Kwa Kigoma, trela hizo zingelazimika kuvuka nchi nzima, na meli ya kubebea kreni haiwezi kuingia Ziwa Tanganyika kutoka baharini. Reli, mataruma, jeki na winchi, kwa upande mwingine, ni vitu ambavyo mji ulio mwisho wa Reli ya Kati unaweza kuvikusanya.

Katika hesabu zote nitatumia kreni moja ya mfano: uzito wake ni tani 180, umbali kati ya reli ya upande wa maji na reli ya upande wa nchi kavu ni mita 15, na umbali kati ya miguu miwili iliyo juu ya reli moja ni mita 12. Weka tarakimu za kreni yako mahali pa hizi.

## Vifaa, watu na vibali

Kusanya vitu hivi vyote kabla ya kulegeza nati hata moja, kwa maana kreni iliyoachwa juu ya jeki ikisubiri shekeli (pingu ya chuma ya kuungia kamba) kutoka Dar es Salaam ni hatari inayoongezeka kila usiku.

- Jeki za haidroliki 8 za tani 50, mbili kwa kila kona, zenye nati ya kufungia na kipimo cha shinikizo kinachosomeka.
- Pampu zenye vali tofauti kwa kila kona, na mipira ya akiba ya kupitishia mafuta.
- Reli za muda za kutosha njia yote, mabamba ya chuma ya kukalia reli, na mataruma ya mbao ngumu iliyokauka na isiyo na ufa.
- Stendi nne za chuma za kubeba kona, pamoja na mabamba ya unene wa milimita 5, 10 na 20.
- Boriti mbili za chuma za kufungia miguu kwa chini.
- Winchi mbili za kuvuta na moja ya kuzuia, kila moja ya tani 5, zenye breki iliyojaribiwa, pamoja na makapi (puli), shekeli na kamba za chuma zenye vyeti.
- Mashine ya kupimia usawa wa ardhi, timazi, na kipima upepo kitakachofungwa juu ya kreni, si ofisini.
- Redio za mkononi zenye betri za akiba.

Kwa upande wa watu unahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi atakayetia saini hesabu, mpima ardhi, fundi umeme, mafundi wa jeki kwa kila kona, waendesha winchi, na kiongozi mmoja ambaye sauti yake pekee ndiyo inayoamuru kuvuta. Amri ya kusimama, hata hivyo, ni haki ya kila mtu aliye kazini, akiwemo kibarua aliyeajiriwa jana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa vifaa vya kunyanyulia, hivyo washirikishe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, mapema, pamoja na uongozi wa bandari. Usisubiri kreni isimame mahali papya ndipo umwite mkaguzi, kwa kuwa atataka kuona hesabu za safari pamoja na hesabu za mwisho wake.

## Hatua ya 1: Chora njia na uchague majira

Tembea njia yote kwa miguu ukiwa na ramani ya mifereji, chemba na nyaya zilizofukiwa. Ramani za yadi ya zamani hazionyeshi kila kitu, kwa hiyo choma ardhi kwa fimbo ya chuma kila mita moja katika mistari miwili ambamo reli zitalala. Fimbo ikizama ghafla, chimba uone kilichopo.

Tazama juu pia. Pima urefu wa kreni ikiwa na mkono ulioinuliwa (mkono ni boriti ndefu inayoenea juu ya maji), ulinganishe na nyaya za umeme, taa na paa za maghala.

Kuhusu majira, chagua kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Miezi hiyo upepo wa kusini-mashariki husumbua ziwa, na wengine huona afadhali kufanya kazi wakati wa mvua kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao. Upepo unaweza kupimwa na kusubiriwa ukapita katika saa chache, ilhali udongo uliolowa chini ya mataruma hausubiriki, na radi za masika huja na upepo mkali usiotoa taarifa. Funga kipima upepo juu ya kreni majuma mawili kabla ya kazi na uandike kila saa. Mara nyingi utakuta saa tulivu ni kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, lakini ratiba yako itokane na daftari lako, si mazoea.

## Hatua ya 2: Pima uzito wa kila kona

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Kibao cha mtengenezaji kinataja uzito wa kreni ilipotoka kiwandani. Tangu hapo imeongezewa ngazi, chumba cha umeme, tabaka za rangi, labda hata spreda mpya, yaani fremu inayoshika kontena. Zaidi ya hayo, kibao hakikuambii uzito umegawanyikaje kati ya miguu minne, na mgawanyo huo ndio utakaoamua ukubwa wa jeki, unene wa mataruma na usalama wa safari nzima.

Kwanza iweke kreni katika hali ileile itakayosafiri nayo. Mkono uinuliwe na ufungwe kwa pini yake, troli (kigari cha juu kinachobeba kamba za kunyanyulia) iegeshwe kati ya miguu na kufungwa, na spreda ishushwe chini na kuondolewa kabisa. Ukipima mkono ukiwa umelala juu ya maji, kisha ukasafiri mkono ukiwa umeinuliwa, vipimo vyako havina kazi, kwa sababu kitovu cha uzito kimehama kurudi nchi kavu.

Kisha inua kona moja moja, milimita 2 au 3 tu, kiasi cha gurudumu kuanza kuzunguka kwa mkono, na usome shinikizo. Jeki ya tani 50 kwa kawaida ina eneo la pistoni la sentimita za mraba 70 hivi, kwa hiyo kila shinikizo la bari 100 ni karibu tani 7.1. Thibitisha eneo hilo kwenye cheti cha jeki yako. Soma kipimo wakati jeki inapanda, soma tena wakati inashuka, na uchukue wastani, kwa kuwa msuguano wa sili huongeza usomaji wa kupanda na kupunguza wa kushuka.

Tuseme jeki mbili za kona moja ya upande wa maji zinasoma bari 400 kila moja. Kila jeki inabeba karibu tani 28.5, na kona nzima tani 57. Upande wa nchi kavu unapata tani 33 kwa kila kona. Jumla ni 57 + 57 + 33 + 33, yaani tani 180.

Sasa tafuta kitovu cha uzito. Upande wa maji unabeba tani 114 kati ya 180. Zidisha uwiano huo kwa mita 15, unapata mita 9.5 kutoka reli ya nchi kavu. Kreni hii, ingawa inaonekana imesimama sawasawa, uzito wake umeegemea upande wa maji kwa mita 2 kutoka katikati.

Utajua hatua hii imefaulu ukirudia upimaji asubuhi ya pili na jumla ikatofautiana na ya kwanza kwa si zaidi ya asilimia 3. Tofauti ikizidi hapo, kipimo kimojawapo kinadanganya au kona moja haikuwa imeinuka kweli. Usiendelee mpaka ujue ni ipi.

## Hatua ya 3: Andaa ardhi

Kila kigari cha magurudumu chini ya kona ya upande wa maji kinabeba tani 57. Kikiwa na magurudumu manne, kila gurudumu ni tani 14.25. Ukiusambaza uzito huo wa tani 57 juu ya kitanda cha mataruma cha mita 4 kwa mita 2, ardhi inapokea tani 7.1 kwa kila mita ya mraba, yaani takriban kilopaskali 70.

Tarakimu hiyo peke yake haitishi. Sehemu ya yadi ambamo riichi staka (gari la kunyanyulia na kupanga makontena) imekuwa ikipita na makontena yaliyojaa imekwisha kujaribiwa kwa uzito mkubwa zaidi. Kinachotisha ni kutofautiana: mita kumi za zege gumu, kisha mfuniko wa mfereji, kisha kipande kilichochimbwa na kufukiwa mwaka jana kwa ajili ya bomba. Kreni haianguki kwa sababu ardhi yote ni laini. Inaharibika kwa sababu kona moja imekuta ardhi laini wakati nyingine tatu ziko kwenye ardhi ngumu.

Sababu ni hii. Kreni ya miguu minne ni kitu kigumu kisichopinda kirahisi. Kona moja ikishuka milimita chache, haishuki pamoja na uzito wake. Uzito unahamia kwenye kona mbili za jirani, nayo ile iliyoshuka inabaki inaelea. Kona iliyopimwa tani 57 inaweza kujikuta ikibeba zaidi ya 70 bila dalili yoyote ya nje. Jiko la mafiga matatu hukaa imara hata kwenye uwanja usio sawa, kwa maana kila figa lazima liguse. Jiko la manne lisingekaa hivyo, na kreni ina manne.

Kwa hiyo fanya yafuatayo katika kila mstari wa reli za muda:

Ondoa udongo wa juu mahali pasipo na zege, jaza changarawe kwa tabaka za sentimita 15, na ushindilie kila tabaka peke yake. Tabaka nene la sentimita 40 lililoshindiliwa mara moja hukaza juu na kubaki legevu chini.

Funika kila mfereji na chemba kwa bamba nene la chuma linaloegemea ardhi ngumu pande zote mbili, kwa hesabu ya mhandisi wala si kwa kukadiria kwa macho.

Zingatia kina cha maji ardhini. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana katika miaka ya karibuni na kuvamia maeneo mengi ya mwambao. Udongo uliojazwa nyuma ya ukuta wa gati hufuata kimo cha ziwa. Mahali palipokuwa pakavu wakati yadi inajengwa huenda sasa pana maji nusu mita chini ya miguu yako. Chimba mashimo matatu ya kuchungulia, uyaache usiku kucha, na usome kimo cha maji asubuhi.

Usipitishe reli za muda karibu na ukingo wa gati bila hesabu ya ukuta. Uzito uliowekwa juu ya udongo nyuma ya ukuta huusukuma ukuta kuelekea ziwani. Kama kanuni ya awali, ikiwa ukuta una kimo cha mita 6, uhesabu mzigo wowote ulio ndani ya mita 6 kutoka ukingoni kuwa unaugusa.

Mwisho, jaribu njia kabla ya kreni kuigusa. Pitisha riichi staka yenye kontena lililojaa juu ya njia iliyoandaliwa, polepole, kabla ya kulaza reli, na upime usawa kabla na baada. Mahali palipozama zaidi ya milimita 5 parudiwe.

Reli zikishalazwa, tofauti ya kimo kati ya mistari miwili isizidi milimita 5 popote, na mteremko wa njia usizidi asilimia 0.5. Pima alfajiri. Chuma cha mita 15 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka milimita 3.6, na kiasi hicho kinatosha kuharibu vipimo vya mchana wa Kigoma.

## Hatua ya 4: Funga kinachocheza, imarisha kinacholegea

Miguu ya kreni imeunganishwa juu na boriti kuu, na kwa chini imeunganishwa kwa kufuata mwelekeo wa reli zake. Lakini kati ya mguu wa upande wa maji na mguu wa upande wa nchi kavu, chini pako wazi ili malori yapite. Katika kazi ya kila siku hilo halina madhara. Sasa unataka kuivuta kreni kwa kuelekea upande huo ulio wazi, na ukivuta mguu mmoja tu, utaitanua miguu.

Funga boriti mbili za chuma kwa chini, moja kila upande, kutoka mguu wa maji hadi mguu wa nchi kavu, na uzikaze zisiache nafasi ya kucheza. Kama itabidi kuchomelea vishikio vya muda, weka klipu ya ardhi ya mashine sentimita chache kutoka mahali unapochomelea. Mkondo wa umeme ukiachwa utafute njia yake kupitia beringi au kamba za chuma, huacha vidonda vidogo ambavyo havitaonekana hadi beringi ivunjike miezi kadhaa baadaye.

Funga kamba za kunyanyulia, fungua kebo ya umeme na uizungushe yote kwenye rili yake (gurudumu la kuzungushia kebo), toa vishika-reli (vibanio vinavyoishikiza kreni kwenye reli), na ondoa kila kitu kilicholegea juu: spana, madumu ya mafuta, mabati ya chumba cha umeme.

## Hatua ya 5: Inua

Hapa ndipo unapoigeuza kreni ya miguu minne kuwa ya mafiga matatu. Unganisha jeki za kona mbili za upande mmoja katika mzunguko mmoja wa mafuta, ili shinikizo liwe sawa na kona hizo zifanye kazi kama nukta moja. Kona mbili za upande wa pili zibaki kila moja na vali yake. Kwa mpangilio huo kona yoyote ikizama kidogo, mafuta yatahama na uzito utabaki ulivyopimwa.

Uunganishe upande upi? Upande mwepesi, yaani wa nchi kavu katika mfano wetu. Usalama wako ni pembetatu iliyochorwa kutoka kona mbili huru hadi nukta ya katikati ya upande uliounganishwa, na kitovu cha uzito lazima kiwe ndani kabisa ya pembetatu hiyo. Ukiunganisha upande wa nchi kavu, kitovu kina nafasi ya mita 3.8 kushoto na kulia kabla ya kufika ukingo wa pembetatu. Ukikosea na kuunganisha upande wa maji, nafasi hiyo inapungua kuwa mita 2.2. Jeki ni zilezile na kreni ni ileile, lakini umepoteza zaidi ya theluthi moja ya usalama kwa kuunganisha mpira mahali pasipofaa.

Inua milimita 5 kwa hatua, kona zote kwa pamoja. Baada ya kila hatua sukuma mabamba chini, kaza nati za kufungia, na usome shinikizo zote nne kwa sauti kupitia redio. Pengo kati ya kreni na mabamba lisizidi milimita 10 wakati wowote, ili jeki ikivuja, kreni idondoke milimita chache tu.

Simama mara moja ikiwa shinikizo la kona linatofautiana na kipimo cha Hatua ya 2 kwa zaidi ya asilimia 10. Usilazimishe kuinua kona iliyokuwa nzito ghafla. Huenda kuna bolti ya kishika-reli iliyosahauliwa na sasa unaivuta pamoja na gati.

Hatua imefaulu magurudumu yote yakiwa huru kwa milimita 25 hivi, timazi kwenye miguu yote minne ikionyesha wima, na kreni ikiwa imekaa juu ya stendi za chuma, jeki zikiwa zimelegezwa. Usigeuze chochote wakati uzito uko juu ya mafuta.

## Hatua ya 6: Geuza magurudumu

Chunguza jinsi kigari kilivyounganishwa na mguu. Kama kuna pini ya wima, kitageuka. Kama kuna pini ya mlalo pekee, hakitageuka, na itabidi ukitoe na kuweka kigari cha muda kilichotengenezwa kwa hesabu, usijaribu kukilazimisha.

Fungua kebo za mota na breki, weka alama kila waya, kisha geuza kigari kimoja kwa wakati mmoja kwa cheni bloku mbili, moja ikivuta na nyingine ikizuia. Hakuna mkono wala mguu wa mtu kati ya kigari na stendi. Baada ya kugeuza, funga pini ya kuzuia kigari kisirudi, kwa sababu kigari kilicho huru hujigeuza chenyewe kwenye kasoro ya kwanza ya reli, na hivyo ndivyo magurudumu mengi huruka nje ya reli.

Telezesha reli za muda chini ya magurudumu, kisha shusha milimita 5 kwa hatua kama ulivyopanda. Uzito ukishakaa juu ya magurudumu, iache kreni hapo usiku mmoja ikiwa imefungwa kwa kamba pande zote nne, kisha pima usawa alfajiri. Usiku huo mmoja unakuonyesha ukweli wa ardhi kuliko jaribio lingine lolote. Kitanda kilichoshuka milimita 2 na kutulia ni kizuri. Kilichoshuka 8 na bado kinashuka kirudiwe.

## Hatua ya 7: Vuta

Msuguano wa magurudumu ya chuma juu ya reli ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito. Kwa tani 180, chukua 2, yaani nguvu ya tani 3.6. Ikiwa mahali fulani njia inapanda kwa asilimia 0.5, ongeza tani 0.9. Winchi mbili za tani 5, moja kwa kila mstari, zinatosha na zinabakiza akiba ya kuanzia mwendo.

Sasa hesabu upepo, kwa kuwa watu wengi huuogopa kwa sababu isiyo sahihi. Wanaogopa kreni kupinduka, ilhali hatari inayokuja kwanza ni kreni kutembea yenyewe. Shinikizo la upepo kwa kila mita ya mraba ni niutoni 0.613 zidisha kwa kasi mara kasi. Kwa eneo la mita za mraba 120 na kizidisho cha umbo cha 1.5, upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma kwa nguvu ya tani 1.1, wa mita 20 unasukuma kwa tani 4.5. Linganisha na msuguano wa tani 1.8 hadi 3.6: upepo wa mita 13 au 14 tu unaweza kutosha kuisukuma kreni juu ya magurudumu yake.

Kwa hiyo usivute bila kamba ya kuzuia iliyokazwa nyuma, hata kwa mita moja. Usianze upepo ukizidi mita 7 kwa sekunde, simamisha kazi ukifika 10, na kila jioni funga kreni kwenye nanga zilizohesabiwa, zisizotegemea breki za winchi.

Funga kamba za kuvutia chini, karibu na vigari, zikishika miguu ya pande zote mbili kupitia boriti za muda. Kamba ikifungwa juu inaiinamisha kreni mbele.

Piga alama za rangi kila nusu mita kwenye reli zote mbili. Mtu mmoja kila mstari asome alama kwa sauti, na mstari mmoja ukitangulia kwa milimita 20, simamisha winchi yake na uache mwingine ufikie. Mwendo usizidi mita moja kwa dakika. Watu wa kupima wafuate nyuma ya magurudumu wakitazama mataruma. Taruma linalolia au kuonyesha ufa linatosha kuamuru kusimama.

Amri ziwe tatu tu: vuta, legeza, simama. Hakuna maelezo mengine redioni wakati kreni inatembea.

## Hatua ya 8: Kaza reli mpya, teremsha, geuza tena

Rudia Hatua ya 5 na 6 kinyumenyume, bila kupunguza hata hatua moja kwa sababu ya uchovu. Kabla ya kushusha, pima umbali kati ya reli mpya kila mita 5. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachoamua, lakini kwa mita 15 lenga tofauti isiyozidi milimita 3.

Ikiwa gati jipya lina reli za upana tofauti, kwa mfano mita 18, hiyo si marekebisho madogo ya mwisho. Kuitanua kreni ni kukata boriti kuu na kuongeza kipande, na uzito wa kila kona utabadilika, vivyo hivyo uwezo wa reli kuubeba. Fanya kazi hiyo kreni ikiwa imesimama juu ya nguzo za muda zilizoondoa mzigo kwenye boriti, pima kila kiungo kilichochomelewa kwa mawimbi ya sauti, kisha rudia Hatua ya 2 yote. Mimi ningeifanya kabla ya safari au baada yake, kamwe si katikati.

Kreni ikishasimama, toa boriti za muda, saga vishikio vilivyochomelewa, na upake rangi mahali hapo.

## Hatua ya 9: Umeme na majaribio

Kabla ya kuwasha, fundi umeme athibitishe mpangilio wa nyaya tatu za umeme katika kituo kipya. Zikigeuzwa mbili, mota zinazolishwa moja kwa moja na nyaya hizo zitazunguka kinyume: opereta atabonyeza kushusha na kamba itapanda, na swichi ya kikomo cha juu haitaisimamisha, kwa sababu mfumo unaamini unashuka. Jaribu kila mwendo bila mzigo, kwa kugusa kidogo, kamba ikiwa katikati. Kisha jaribu kila swichi ya kikomo kwa mkono. Hakikisha pia kebo ya rili inafika miisho yote miwili ya njia mpya na mizunguko miwili inabaki kwenye rili.

Jaribio la mzigo hufanywa kwa asilimia 125 ya uwezo bila mwendo, na asilimia 110 kwa mwendo. Kwa kreni ya tani 35 hizo ni tani 43.75 na 38.5. Usizipate kwa kujaza kontena moja mchanga hadi mwisho: uzito wa juu unaoruhusiwa wa kontena pamoja na shehena yake, ambao kwa makontena mengi ni tani 30.48, uko chini ya hizo, na sakafu inaweza kupasuka juu ya vichwa vya watu. Tumia fremu ya majaribio na vitalu vya zege. Mita ya ujazo moja ya zege ni takriban tani 2.4, hivyo utahitaji karibu mita za ujazo 18, ukipunguza kiasi kinacholingana na uzito wa fremu, na kila kitalu kipite mizani kabla ya kupandishwa.

Inua mzigo wa asilimia 125 sentimita 20 tu kutoka chini, ushikilie dakika 10, na upime kama unashuka. Mzigo usiposhuka, miguu ikirudi wima baada ya kuuweka chini, na rangi kwenye viungo ikiwa haijapasuka, kreni iko tayari kukaguliwa na kukabidhiwa.

Pima usawa wa reli mpya baada ya juma moja la kazi, kisha baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, na ukaze tena bolti zote za vigari kila mara. Kona ikiwa imeshuka zaidi ya milimita 5, iondoe kreni kazini na uweke mabamba chini ya reli siku hiyohiyo.